Bwana Afya Kajifungulia Kwenye Gauni la Harusi

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimepiga magoti mbele ya kabati, mkono mmoja kwenye kitasa, mwingine kifuani, nikisikiliza kitu kinacholia ndani. Najua kuna walioniombea iwe panya. Laiti ingekuwa panya.

Kwa ambaye hakuwa nami, nisimzungushe. Mimi ni fundi cherehani, mke wa mtu. Kazi naifanyia sebuleni kwangu. Mume wangu ni dereva wa lori, nusu ya ndoa yetu kaiishia barabarani. Naishi na mama yake, mama mkwe wangu, ambaye masikio yake husikia yanachotaka tu. Na ninaishi na wanyama wawili, ambao ndio chanzo cha kila balaa nililowasimulia humu.

Mbwa tunamwita Wakili. Mume wangu alirudi naye safarini, akasema kamkuta kafungwa kamba kwenye nguzo kando ya barabara kuu, hana maji wala mwenyewe. Jina alipewa na mama mkwe, kwa sababu ukimwambia "toka" hatoki mpaka abweke kwanza, atoe hoja zake zote, ndipo aondoke amenuna. Paka tunamwita Bwana Afya. Hakuna sufuria iliyowahi kuingia nyumba hii asiikague.

Wakili ana tabia moja iliyonimaliza: huiba viatu. Tena si viatu vya kila mtu. Anavuka milango ya majirani wote, viatu vimejaa barazani, hagusi. Anakwenda mtaa wa pili, kwa mama mwenye nyumba wetu, anabeba kiatu cha binti yake, ananiletea mimi. Mama mwenye nyumba alikuja kunifokea mpaka sauti ikamkauka. Mwisho akatamka: mbwa aondoke, au tuondoke naye.

Kisha, haeleweki yule mama, akanipa gauni la harusi ya huyo huyo binti nishone.

"Likitoka vizuri," aliniambia, "tutazungumza upya habari ya nyumba."

Nililishona kama mtu anayejishonea paa la kulalia. Satini nyeupe, lesi mikononi, shanga kifuani nilizozitia moja moja mpaka macho yakawa mekundu. Bibi harusi mwenyewe sikuwa nimemwona. Alikuwa masomoni mbali, vipimo nilivitoa kwenye gauni lake la zamani. Alikuwa amefika kwa mama yake juzi. Asubuhi hiyo ndiyo angekuja kulijaribu. Harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata.

Gauni lilikuwa ndani ya hilo kabati.

Nikafungua.

Bwana Afya alikuwa amejilaza katikati ya satini kama anayeangalia mali yake. Aliniangalia, akafumba macho, akafumbua. Chini ya tumbo lake kulikuwa na vitu vidogo vimelowa, vinagombania nafasi.

Nikafunga. Nikasubiri kidogo. Nikafungua tena.

Bado walikuwepo.

"Mama!" niliita. Siku hiyo masikio ya mama mkwe yalikuwa yamefunguka, akaja mbio na kanga yake ya kufagilia. Akachungulia. Akapiga vigelegele.

"Bwana Afya kajifungua!"

"Mama, Bwana Afya ni dume."

"Basi dume hilo lina watoto wanne."

"Mama, hilo ni gauni la harusi!"

"Naliona. Kachagua pazuri. Hata mimi ningejifungulia hapo."

Nilinyoosha mikono nimtoe. Bwana Afya akatoa mlio ambao sikujua anao. Mama mkwe akanishika kiwiko.

"Mzazi hasogezwi, mkwe. Ukimgusa atawabeba mmoja mmoja, atawahamishia pabaya zaidi."

"Pabaya zaidi ya hapa ni wapi, mama?"

Alifikiri. Kisha akaonyesha mlango wa chumbani kwangu kwa kidevu.

Nikaanza kuzunguka sebule. Nilitoka kabatini nikaenda dirishani, nikarudi kabatini, nikashika mkasi, nikauweka, nikaushika tena. Sehemu ya kifua ilikuwa imekunjwa chini, huenda imepona. Lakini sketi, upande wote wa mbele, nilikuwa nimeona alama. Wanawake wenzangu mnajua uzazi unaacha alama gani. Satini ya kufidia sikuwa nayo. Satini ile ile, nyeupe ile ile, mwenye duka aliniambia ndiyo ya mwisho.

Nilikuwa nimeshika futi kamba naivuta huku na huku bila kupima kitu, niliposikia sauti mlangoni.

"Hodi! Mama fundi, tumefika!"

Futi kamba ikanidondoka.

"Mama," nilinong'ona, "nakuomba. Mcheleweshe. Zungumza naye chochote."

Sijui niseme nini juu ya mama mkwe wangu. Tumegombana kwa chumvi, tumegombana kwa dirisha, tumegombana kwa namna ya kukunja shuka. Lakini asubuhi ile alikokota kiti, akakiweka katikati kabisa ya mlango, akakalia, akatandaza miguu. Hata upepo usingepita.

"Karibuni," alisema. "Karibuni sana. Leo mgongo umenishika hapa hapa, siwezi kuinuka. Mnaendeleaje?"

"Hatujambo, mama. Tupishe basi tuingie."

"Watoto hawajambo?"

"Mtoto ninaye mmoja na huyu hapa, mama. Ndiye anaolewa."

"Anaolewa? Na nani?"

"Mama, kadi tulikuletea."

"Kadi gani?"

Huku nyuma nilikuwa nimelala kifudifudi mbele ya kabati nikijaribu kuvuta pindo la gauni taratibu, kama mtu anayevuta shuka ya mgonjwa. Kila nikivuta inchi, Bwana Afya anakanyaga mkononi kwangu kwa kucha.

"Mama, naomba nipite," sauti ya mama mwenye nyumba ilianza kupanda. "Nimevua viatu kabisa, unaona nimesimama pekupeku."

Alipotaja viatu, nikaliachia pindo la gauni.

Kwa sababu Wakili alikuwa uani. Na Wakili hana kawaida ya kukaa uani watu wakitaja viatu.

Nilisikia kucha zikikwaruza sementi. Nikasikia mama mkwe akisema, "Eeh, huyo!" Kisha kelele.

"Kiatu changu! Mbwa mshenzi wewe! Rudisha! Rudisha kiatu changu!"

Nilichungulia dirishani. Wakili alikuwa anakata kona ya ukuta, kiatu chenye kifungo cha dhahabu kinaning'inia mdomoni, masikio yamelala nyuma kwa raha. Mama mwenye nyumba alimfuata, kavaa upesi kile kimoja kilichobaki, mkoba unampiga kiunoni, kilemba kinamwanguka. Sijawahi kumwona mama yule akikimbia. Kumbe ana mbio.

Mama mkwe akageuka, akanikonyeza.

Lakini mlangoni bado kulikuwa na mtu.

Msichana mrefu, mwembamba kuliko vipimo nilivyochukua. Alikuwa amesimama, mikono ameikunja kifuani, anaangalia upande alikokimbilia mama yake bila kucheka wala kukasirika. Mama mkwe, nadhani kwa kumwonea huruma, akasogeza kiti.

"Shikamoo, bibi. Habari za kazi, dada?" msichana alisema akiingia.

"Nzuri, bibi harusi. Karibu. Gauni... gauni bado nalipiga pasi."

Aliangalia sebule yote. "Pasi iko wapi?"

Ni kweli. Pasi ilikuwa juu ya kabati, baridi, waya umefungwa.

Ndipo mmoja wa wale watoto wa paka akaamua kulia.

Bibi harusi alinipita. Sikumzuia. Alifungua mlango wa kabati kwa kidole kimoja, akainama. Nikaanza kupanga maneno. Dada, nisamehe. Dada, nitatafuta kitambaa kingine. Dada, tusifukuzwe kwenye hii nyumba.

Akaanza kucheka.

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la blauzi. Na mimi, kwa woga, nikacheka. Mama mkwe naye akacheka. Tulicheka wote watatu kama waliokunywa kitu, mpaka nikagundua yeye hacheki tena. Analia.

"Usilie, mdogo wangu," nilimwambia. "Nitalitengeneza. Nitakata upande wa mbele wote, nitaweka lesi. Hakuna atakayejua."

"Jumamosi litakuwa tayari?"

"Nikikazana, litakuwa."

Aliinua uso.

"Na ukisema haliwezekani?"

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Dada, nakuomba. Mwambie mama haliwezekani. Mwambie unahitaji mwezi. Gauni likichelewa, harusi itasogea, na mimi nitapata nafasi ya kufikiri."

Mwenzenu nikabanwa pande mbili. Nyumba yangu ilikuwa ndani ya gauni lile. Nikisema limeharibika, tunatupiwa vyombo nje. Nikilitengeneza, namvisha mtu nguo asiyoitaka. Nilisimama, nikaenda dirishani, nikarudi.

"Kakufanyia nini?" mama mkwe aliuliza. "Anakupiga?"

"Hapana, bibi. Hajawahi hata kuniinulia sauti." Alivuta pumzi. "Mtanicheka. Ni habari ya mbwa."

"Hapa kwetu," nilimwambia, "habari za mbwa hatuzicheki."

Akatusimulia. Kule alikokuwa anafanya kazi alikuwa na mbwa wake, kamlea tangu hajafumbua macho, kwa chupa. Alipoenda masomoni akamwachia mchumba. Siku moja mchumba akampigia simu: mbwa kagongwa na gari. Kafa pale pale. Kamzika kwa mikono yake mwenyewe, nyuma ya nyumba.

"Nililia, nikanyamaza. Mbwa hufa. Nilipomaliza masomo nilipita kwake kwanza, nikakaa siku kadhaa kabla ya kuja hapa. Nikamwambia nionyeshe ulipomzika. Akanionyesha, karibu na tangi la maji. Nikasimama pale, nikaaga." Alikuwa anasokota uzi uliokuwa sakafuni, anausokota na kuusokotoa. "Kesho yake nilitaka kupeleka maua. Nikamwuliza tena, ni hapa? Akasema hapana, ni kule, karibu na ukuta."

Aliutupa ule uzi.

"Mtu akimzika mbwa kwa mikono yake, dada, anasahau mahali?"

"Pengine alichanganyikiwa," nilisema. Mdomo wangu ulisema hivyo kwa sababu ulikuwa unafikiria nyumba.

"Pengine. Ndiyo najiambia kila siku. Lakini usiku silali, mchana sikai. Kila akinishika mkono naangalia ile mikono."

Nje kelele zilikuwa zinarudi. "Mshikeni huyo! Anaingia! Mshikeni!"

Wakili aliingia kama jiwe lililorushwa. Akapita chini ya kiti cha mama mkwe, akateleza sakafuni, akaja moja kwa moja kwangu na kiatu chake, kama kawaida, aniwekee miguuni nimsifu. Hakufika.

Alisimama katikati ya sebule. Pua yake ikaanza kufanya kazi. Mguu mmoja wa mbele aliubakiza hewani.

Bibi harusi alikuwa ameinuka nusu, magoti yamekunjika.

"Biskuti?"

Kiatu kikaanguka.

Wakili hakubweka. Mbwa ambaye hubishana hata na mvua, hakubweka. Alitoa sauti nyembamba, kama bawaba ya mlango usiotiwa mafuta, akatambaa kwa tumbo mpaka alipomfikia, ndipo akalipuka. Alimrukia, akamwangusha, akamlamba uso, nywele, masikio, akazunguka chumba chote akipiga mkia kwenye kila mguu wa meza, akarudi akaanza upya. Pini zangu zikamwagika. Chaki ikavunjika. Bibi harusi alikuwa amemkumbatia shingoni, anarudia neno moja tu. Biskuti. Biskuti. Biskuti.

Nikaelewa kwa nini jina la Wakili hakuwahi kuliitikia hata siku moja. Nikaelewa na viatu. Alikuwa anafuata harufu ya mwenyewe, na leo harufu hiyo ilikuwa imejaa mlangoni pote.

"Mwehu mkubwa," mama mkwe alimwambia mbwa, macho yamemjaa maji. "Si ungesema."

Mama mwenye nyumba akatokea mlangoni, anahema, kilemba mkononi. Alifungua mdomo apige kelele. Akaona. Akaufunga.

Nimewashonea wateja wengi. Nikimzungushia mtu futi kamba najua kama amekula au ameshinda na njaa, na kama ananificha jambo. Uso wa mama yule haukuwa wa mtu aliyeshangaa. Ulikuwa wa mtu aliyefikiwa na siri yake.

"Mama," bibi harusi alisema kutoka sakafuni. "Ulimjua."

"Nimjue nani? Mbwa wote si wanafanana?"

"Nilikutumia picha zake kila wiki."

"Mimi sina macho ya kuangalia picha za mbwa."

"Uliniambia kwenye simu kuna mbwa koko anaiba viatu. Nikakuuliza vya nani, ukasema vyangu. Vyangu tu, mama."

"Basi!" Mama mwenye nyumba alinigeukia mimi. "Mama fundi, hatukuja hapa kwa mbwa. Gauni liko wapi?"

"Mama, ngoja kwanza..."

Hakungoja. Alikwenda mwenyewe kabatini, akavuta mlango wote, akaingiza mkono kwenye satini kama anayechota nafaka.

Bwana Afya alimkaribisha.

"Mamaaa! Kuna jitu ndani ya gauni!"

"Si jitu," mama mkwe alisema kwa utulivu. "Ni mzazi. Punguza sauti."

Mama mwenye nyumba alikaa kwenye kochi, mkono unatoka damu, mguu mmoja una kiatu. Aliangalia gauni, akaangalia binti yake, akaangalia mbwa. Nilitegemea atanifukuza pale pale. Badala yake alitoa simu mkobani, akabonyeza, akasema maneno machache tu.

"Njoo ndani kwa fundi. Ndiyo, sasa. Yameharibika."

Bwana harusi alikuwa ndani ya gari mwisho wa mtaa, akiwasubiri. Alifika upesi. Kijana nadhifu, shati limenyooka, alivua viatu mlangoni akavipanga pamoja, akamwamkia mama mkwe kwa kuinama. Nilijiandaa kumchukia. Nilikuwa na hakika Wakili akimwona atajificha chini ya cherehani, au atamng'ata. Nitawaambia ukweli: nilitamani amng'ate.

Wakili alimkimbilia kwa furaha. Akamrukia magotini. Akachukua kiatu cha mama mwenye nyumba pale sakafuni, akakipeleka, akakiweka miguuni pake.

Kijana alimshika kichwa kwa mikono miwili.

"Umenenepa," alimwambia mbwa.

"Ulimzika," bibi harusi alisema. "Kwa mikono yako. Karibu na tangi. Karibu na ukuta."

Kijana akatafuta pa kukaa. Alikaa kwenye kigoda changu cha kazi, akainuka ghafla, akajichomoa pini, akakaa tena taratibu. Siku nyingine ningecheka.

"Mama alisema..."

"Usinitaje mimi," mama mwenye nyumba alimkata.

"Nitakutaja, mama. Nimechoka." Hakumwangalia, alimwangalia mchumba wake. "Mama alisema hakuna harusi kama kuna mbwa. Alisema nyumba yenye mbwa kitandani si nyumba ya kupelekea binti yake. Akaniambia nimtupe, halafu nikuambie kafa, kwa sababu ukijua yuko hai hutaacha kumtafuta. Nikamchukua nikampeleka mbali kwa gari. Nikamfungulia mlango ashuke. Hakushuka. Aliniangalia tu. Nikageuza gari."

"Ukageuza," bibi harusi alirudia.

"Sikuweza. Lakini kumrudisha kwako pia sikuweza. Nilimwogopa mama yako." Aliona haya kusema hivyo, masikio yakamwiva. "Wiki hiyo hiyo lori lilikuja kubeba mizigo yako kuileta hapa kwa mama. Nikampa dereva. Nikamwomba amtafutie watu wema njiani. Akanihakikishia."

"Na mimi ukanionyesha kaburi."

"Nilitaka usimtafute."

"Makaburi mawili."

Bibi harusi alimbusu mbwa utosini, akasimama. Alikuwa amechafuka, magoti yana vumbi, nywele zimelowa mate ya mbwa, na kwa mara ya kwanza tangu aingie alikuwa amesimama wima.

"Dada fundi," alisema.

"Naam."

"Gauni waachie paka."

"Mwanangu!" mama yake aliinuka. "Watu wamealikwa!"

"Waje. Wewe utawaeleza, mama. Una kipaji cha kueleza."

Sikumbuki vizuri walichojibizana baada ya hapo, maana mimi nilikuwa nimebaki nyuma. Kichwa changu kilikuwa kimekwama kwenye neno moja, kama sindano iliyokwama kwenye kitambaa kizito.

"Kaka," nilimwambia bwana harusi. "Umesema dereva. Dereva gani?"

Alionekana kushangaa kwamba nauliza. Akainua mkono akaonyesha ukutani, juu ya cherehani, ilipo picha ya siku yangu ya ndoa.

"Yule pale," alisema. "Si ndiye bwana wa hapa?"

Nilicheka kidogo. Kicheko kibaya.

"Hapana. Huyu mbwa mume wangu kamkuta barabarani. Kafungwa kwenye nguzo. Hana maji."

"Dada, nilimkabidhi kamba mkononi. Tukanywa soda pamoja. Mizigo alijua ni ya nani na anapeleka kwa nani. Na mbwa alijua ni wa nani."

Alijua.

Miezi yote hii mama mwenye nyumba ananifokea mbele ya majirani, yeye anajua mbwa ni wa nani. Narudisha viatu nimeinamisha kichwa, anajua. Nashona gauni huku natetemeka, yeye yuko kwenye simu ananiambia, "Vumilia, mke wangu, mbwa wa barabarani huyo, hajafundishwa." Alikuwa amebeba neno moja ambalo lingemaliza yote, akanyamaza nalo.

Nilitafuta simu yangu chini ya vitambaa, chini ya karatasi za ruwaza ninazokatia nguo, nikaipata imekaliwa na mkia wa Wakili.

"Unampigia nani?" mama mkwe aliuliza.

"Mwanao."

"Yuko njiani, mkwe. Jana si alisema huko aliko mtandao wa shida? Mwache aendeshe."

"Atasimama pembeni. Anajua kusimama pembeni, si ndiko anakookotea mbwa."

"Mkwe, hebu kwanza..."

Alikuwa ameinuka kitini. Mgongo uliokuwa umemshika asubuhi haukumshika tena. Alikuja kwangu kwa haraka nisiyoijua, mkono ameunyoosha kuelekea simu, na usoni kwake hakukuwa na mzaha hata chembe.

Nikarudi nyuma, nikabonyeza.

Ikaita sikioni mwangu.

Na ikaita ndani ya nyumba.

Kila mtu akageuza kichwa. Mlio ule ninaujua. Niliuchagua mimi mwenyewe nilipomnunulia simu ile. Ulikuwa unatoka chumbani kwa mama mkwe, chumba chenye mlango wake wa kutokea uani, ambacho funguo anazifunga kwenye pindo la kanga.

"Kaisahau simu," nilisema. Nilitaka mtu aitikie. "Aliondoka akaisahau. Eti, mama?"

Mama mkwe alinishika mkono.

"Mwanangu," alisema. Hajawahi kuniita hivyo. "Kaa chini kwanza."

Sikukaa. Nilikuwa natazama ule mlango, simu bado ipo sikioni, inaita. Sote watano tulikuwa sebuleni.

Kule chumbani mlio ukakatika, na sikioni mwangu mtu akapokea.